Dakika Ishirini na Tatu

Fomu ina visanduku viwili, vyembamba
kama dirisha la duka la dawa usiku:
KUANZA. KUMALIZA.
Imepigwa chapa kwa saa za kizungu
na mimi nahesabu kwa saa za mama yangu.
Kumi na dakika thelathini na nne, alfajiri,
yadi ya Mkuyuni,
miamba imejilaza juu yetu kama ng'ombe waliomaliza kucheua.

Naanza na nyundo.
Tairi lililojaa hujibu kama mtu aliyeshiba,
lenye njaa huguna.
Yako kumi na nane, pamoja na ya tela.
Malando ananishikia tochi, anapiga miayo,
anasema yote yako sawa, kaka,
na mimi sijafika hata la nne.

Kisha koki ya mtungi wa upepo:
fyuuu, maji ya kutu yanatemwa mchangani.
Kisha mkanda wa feni, oili, taa za breki
(Malando, kanyaga! Achia! Kanyaga!),
kisha natambaa chini ya chasisi kwa mgongo,
grisi ikinidondokea shingoni, na baridi ya ziwa.

Kumi na moja kasoro dakika tatu.
Naandika.

Zamani sikuandika hivi. Niseme ukweli.
Niliandika kama tulivyoandika wote:
dakika tano, dakika tano, dakika tano,
mwezi mzima kwa mkao mmoja, kalamu moja,
kwa mama lishe wa Nyakato,
mwiba wa sato ukiwa bado kwenye fizi.
Hata Februari niliipa siku thelathini.
Hakuna aliyeshtuka.

Sasa Bi. Minza wa ofisini anashtuka.
"Dereva, wenzako tano, wewe ishirini na tatu?
Mfumo unalipa ufunguo ukishazungushwa."
Namwambia, Bi. Minza,
mteremko wa Sekenke hausomi mfumo.
Anacheka kidogo, anagonga mhuri.
Si mtu mbaya. Ana kompyuta
na ndani yake mstari wenye jina langu,
na mstari ule hauna mahali pa nyundo.

Halafu ikaja Jumanne ile ya ukungu,
mashudu ya pamba tani ishirini na nane, safari ya Arusha.
Nyuma kushoto, nati ya sita
ikazunguka kwa vidole.
Kwa vidole, kama kizibo cha soda!
Malando akaacha kupiga miayo.
Tukakaza ile, tukarudia zote,
na kisandukuni nikaandika arobaini na moja,
kwenye maoni neno moja: nati.

Tukaenda. Sekenke tukaishuka kwa gia nzito,
tukala ndizi Singida, tukashusha, tukarudi.
Hakuna kilichotokea.
Hakuna redio iliyotangaza kwamba hakuna kilichotokea.
Mke wangu aliniuliza tu kama nimekumbuka vitunguu.

Juzi Bi. Minza akaniita dirishani.
Akafungua daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma,
akaweka kidole:
"Tangu Machi nazijumlisha pembeni.
Masaa kumi na tisa, dakika ishirini na nane.
Sijui nizipeleke kwa nani. Lakini zipo."
Nikasimama pale na kofia mkononi
kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mtoto
ambaye hakujua kwamba anaye.

Leo nimempa Malando kalamu.
Kule majini karabai za dagaa zinazimwa moja moja.
"Niandike tumeanza saa ngapi?"
Andika saa inavyosema.
Anatazama mkono wake, anautikisa, anautega sikioni.
Saa yake imesimama tangu Shinyanga.
Basi nachukua nyundo
na kumwambia ahesabu kwa sauti.